Pale Mwanafunzi Anapokwama: Kihispania cha Ngazi ya Kati katika Sekondari za Marekani

Katika makala haya tunatoka kidogo nje ya Kiswahili na kuangalia jinsi Kihispania kinavyofundishwa katika shule za sekondari za Marekani, hususan ngazi ya kati. Sababu ni kwamba walimu wa huko wanapambana na mwanafunzi tunayemfahamu vizuri sana: yule anayeweza kusalimia, kuagiza chakula na kutaja ndugu zake wote, lakini ukimwambia asimulie alivyoishi utotoni, anatoa sentensi mbili na kunyamaza.

Kihispania ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa na wanafunzi wengi kuliko nyingine zote katika shule za Marekani. Aghalabu mwanafunzi wa sekondari huanza darasa la tisa, akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Vyuo vingi havidai zaidi ya miaka miwili ya lugha ya kigeni. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, kinadai miwili na kupendekeza mitatu. Kwa hiyo ngazi ya kati ndipo mwanafunzi anapoamua kama ataendelea au atafunga daftari, na mwalimu anayeigeuza ngazi hiyo kuwa majedwali ya vitenzi tu huwapoteza wengi.

Mwongozo wa umilisi uliotolewa mwaka 2012 na ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, unaeleza mpaka huo waziwazi. Mtu wa ngazi ya kati huunda sentensi zake mwenyewe, huuliza na kujibu maswali mepesi. Wa ngazi ya juu husimulia kwa aya, katika wakati uliopita, uliopo na ujao. Basi kazi yote iko hapo: kumtoa mtu kwenye sentensi na kumfikisha kwenye aya.

Kikwazo kikubwa katika safari hiyo ni wakati uliopita. Kihispania kina nyakati mbili sahili zilizopita. Moja hueleza tendo lililotendeka likaisha: "leyó", yaani alisoma. Nyingine hueleza hali, desturi, au tendo lililokuwa likiendelea: "leía", yaani alikuwa akisoma, au alikuwa na mazoea ya kusoma. Mwanafunzi anayezungumza Kiingereza huona taabu kwa sababu katika lugha yake umbo moja hubeba maana zote mbili mara nyingi. Sisi tuna nafuu, kwani "-li-" na "-likuwa -ki-" zinakaribiana na jozi hiyo, ingawa "-li-" yetu ina uhuru zaidi. Kuna hata vitenzi ambavyo tafsiri yake hubadilika: "sabía" ni nilijua, lakini "supe" ni nilipata habari. Kanuni hizi zikikaririwa peke yake hazikai kichwani.

Hapo ndipo utamaduni unapoingia, nao usiingie kama pambo. Chukua mfano wa Siku ya Wafu nchini Meksiko, inayoadhimishwa tarehe 1 na 2 Novemba. Familia huandaa meza ya kumbukumbu iitwayo "ofrenda", wakaweka picha ya marehemu, mishumaa, maua ya manjano ya "cempasúchil", mkate maalumu na vyakula alivyovipenda. Mwalimu mvivu huwapaka wanafunzi nyuso zifanane na mafuvu, somo likaisha. Mwalimu hodari humtaka kila mmoja aandae meza ya babu, bibi au mtu mwingine aliyefariki, kisha asimame mbele ya wenzake amweleze. Sasa sarufi haikwepeki. Babu alizaliwa, alioa, alifariki: "nació, se casó, murió". Lakini alikuwa akiuza mikate, alikuwa akipenda kuimba: "vendía pan, le gustaba cantar". Mwanafunzi anayetaka babu yake aonekane kama alivyokuwa hawezi kuchanganya nyakati hizo, maana akichanganya, mazoea ya maisha yote yatasikika kama tukio la siku moja. Tena aya imepatikana bila mtu kuilazimisha.

Viwango vya kitaifa vya mwaka 1996 vilikwisha kusema kwamba utamaduni si vitu tu, bali pia desturi na mitazamo iliyo nyuma yake. Ni kauli nzuri, lakini walimu huiacha ikalala kwenye karatasi. Halafu Kihispania si Meksiko peke yake. Ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, mojawapo ikiwa hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968.

Kuhusu dhamira tegemezi, mwanafunzi wetu angecheka. "Quiero que venga" ni "nataka aje", na ile "-e" ya mwisho tunaijua tangu utotoni. Asicheke mno, kwani Kihispania hutumia umbo hilo hilo hata penye shaka: "no creo que venga", ambapo sisi tungesema "sidhani kama atakuja".

Lililo zito zaidi ni la watoto wanaozungumza Kihispania nyumbani. Darasani huwekwa na wageni wa lugha, wakachoshwa na maamkizi. Kisha wakisema "haiga" kama bibi zao wasemavyo, badala ya "haya" ya vitabuni, daftari linajaa wino mwekundu. Mtoto huyo hutoka akiamini kwamba lugha ya mama yake ni mbovu, na wapo wanaoacha kuizungumza kabisa. Shule nyingi sasa zimewafungulia madarasa yao, na mwaka 2011 jimbo la California likawa la kwanza kuanzisha muhuri wa cheti kwa wahitimu wanaomudu lugha mbili. Katika madarasa hayo mwalimu mzuri huandika maumbo yote mawili ubaoni, akauliza lipi litatumika jikoni kwa bibi na lipi katika barua ya kuomba kazi.

Nasi tunao wanafunzi kutoka Goma na Bukavu wasemao "niko nakula". Ubao tunao, chaki ipo, na mistari miwili inatosha.