Mawe hai ya tangi la bahari: Mzigo unaokufa ukiwa njiani

Mfanyabiashara anayeagiza mawe hai kwa ajili ya matangi ya samaki wa maji chumvi hulipia kwa kilo, lakini mteja wake hanunui jiwe. Ananunua viumbe walioko ndani yake, na viumbe hao huanza kufa saa ile jiwe linapotolewa baharini. Kwa sababu hiyo, kazi inayofanyika kati ya kupokea mzigo na kuuza ndiyo inayoamua iwapo biashara ina faida au hasara.

Mawe hai ni nini

Ni vipande vya mifupa ya matumbawe yaliyokufa siku nyingi, ambavyo vimejaa matundu na kukaliwa na bakteria, sifongo, minyoo, konokono wadogo na mwani mgumu wa rangi ya zambarau.

Ndani ya tangi, jiwe hufanya kazi ya chujio. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Katika matundu ya ndani yasiyo na hewa, bakteria wengine huibadili nitrati kuwa gesi inayotoka majini. Bei ya mawe haya inatokana na kazi hiyo.

Safari inavyoua

Mawe hai husafirishwa yakiwa na unyevu tu, si ndani ya maji. Hufungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari, yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki, kisha kwenye maboksi yanayozuia joto. Maji yangeongeza uzito na gharama ya ndege.

Bakteria wengi huvumilia safari hiyo. Sifongo na viumbe wengine laini hawavumilii. Wakifa huoza, na uozo huo hutoa amonia nyingi. Jiwe likitiwa moja kwa moja kwenye tangi lenye samaki, samaki wanaweza kufa wote, na mteja atamdai aliyemuuzia.

Kila saa ya kuchelewa uwanjani au forodhani huongeza uozo. Msafirishaji anayeacha maboksi juani hupunguza thamani ya mzigo hata kama uzito haujabadilika.

Hatua za maandalizi

Kwanza, mawe hufunguliwa mara yanapofika na kunuswa. Jiwe zuri hunukia bahari. Lenye harufu ya yai viza lina uozo mwingi na hutengwa.

Pili, husuuzwa kwa maji ya chumvi, kamwe si maji ya bomba, kwa kuwa maji baridi na klorini huua viumbe walio hai. Sehemu nyeupe zenye utelezi na sifongo zilizokufa huondolewa kwa brashi na kibano. Mfanyakazi avae glavu na miwani: kuna minyoo yenye miiba inayochoma, na baadhi ya viumbe laini wanaoota juu ya mawe wana sumu kali iitwayo palitoksini. Mawe yasichemshwe wala kusafishwa kwa mvuke, kwani watu wamewahi kulazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa namna hiyo.

Tatu, mawe hukaguliwa. Kamba aina ya mantis hula samaki na konokono, na Aiptasia, kiumbe anayefanana na ua, huzaana haraka mno. Wote wawili huingia tangini wakiwa wamejificha kwenye matundu.

Nne, mawe huwekwa kwenye pipa la plastiki lenye maji ya chumvi ya uzito wa 1.023 hadi 1.025 kwa kipimo cha haidromita, joto la nyuzi 25 hadi 27, na pampu yenye nguvu ya kuzungusha maji. Pipa hufunikwa ili mwanga usioteshe mwani. Takataka za chini hunyonywa kwa mpira, na sehemu kubwa ya maji hubadilishwa kila amonia inapopanda sana.

Kazi huisha pale amonia na nitriti zinapopimwa na kukutwa sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, na pipa halitoi harufu mbaya. Mzigo uliofika haraka huweza kuchukua wiki moja au mbili. Uliochelewa huchukua mwezi na zaidi.

Hesabu ya mzigo

Chukua mfano wa boksi la kilo 20 lililonunuliwa kwa dola 4 kwa kilo, na nauli ya dola 3 kwa kilo. Gharama ni dola 140. Likiuzwa kwa dola 10 kwa kilo, mapato ni dola 200 na faida ni dola 60.

Endapo maji na viumbe waliooza watapunguza kilo 3, zinabaki kilo 17 zenye thamani ya dola 170. Faida inashuka hadi dola 30. Upungufu wa asilimia 15 ya uzito umekula nusu ya faida, kabla ya kuhesabu chumvi, umeme na mwezi mzima wa kungoja.

Hivyo mnunuzi makini huuliza iwapo mawe ni mabichi au yameandaliwa kabla ya kusafirishwa. Yaliyoandaliwa huwa ghali zaidi kwa kilo, lakini hupoteza kidogo njiani.

Karatasi za mpakani

Matumbawe magumu yako katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na mawe hai huhesabiwa humo. Ufafanuzi wa mawe hai kuwa ni mzigo unaosafirishwa na unyevu na si ndani ya maji ulipitishwa katika mkutano wa CITES uliofanyika Gigiri, Nairobi, mwaka 2000. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama.

Maana yake ni kwamba kibali cha nchi inayouza lazima kitolewe kabla ya mzigo kuondoka. Umoja wa Ulaya hudai pia kibali cha kuingiza. Mzigo ukizuiliwa kwa kukosa karatasi, utaoza kabla shauri halijaamuliwa.

Sera nazo hubadilika ghafla. Mwishoni mwa mwaka 2017 Fiji, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilitangaza kusimamisha usafirishaji. Indonesia ilisimamisha biashara ya matumbawe mwaka 2018, kisha ikafungua tena kwa yale ya kufugwa mwaka 2020.

Wengi sasa hununua mawe ya kutengenezwa kwa saruji au kauri. Hayaozi, hayahitaji kibali cha CITES na yanaweza kwenda kwa meli. Hata hivyo hufika bila bakteria, na mteja atangoje wiki kadhaa kabla ya kutia samaki. Anayeyauza bila kumweleza hivyo atapokea lawama zile zile za aliyeuza mawe mabichi.