Usipoziba Ufa: Ulinzi wa Seva katika Arua na Koboko

Kila askari aliyepitia mafunzo ya kuruta anajua ya kuwa lindo la usiku lahitaji lango linalojulikana, neno la siri linalobadilishwa, na daftari la kuandikia yaliyotokea. Kambi yenye malango kumi yasiyo na mlinzi haiwezi kuitwa kambi, hata kama ukuta wake ni wa mawe. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi kwamba seva, yaani kompyuta kuu inayotunza majalada ya ofisi na kupokea barua pepe zake, hulindwa kwa kanuni hizo hizo.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa West Nile. Mwezi wa Februari 2017 kampuni za Facebook, Airtel na BCS zilitangaza mradi wa kulaza karibu kilomita 770 za waya wa nuru kaskazini-magharibi ya Uganda. Mwaka 2023 umeme wa gridi ya taifa nao ukafika Arua, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak. Kwa hiyo ofisi ya Arua, au ya Koboko iliyo karibu na mipaka ya Kongo na Sudan ya Kusini, yaweza sasa kuendesha seva yake yenyewe. Lakini waya uletao barua kutoka Kampala kwa nukta moja waweza pia kumleta mwizi kutoka pembe yoyote ya dunia, naye hasimami kuonyesha pasi pale Vurra wala Oraba.

Seva nyingi duniani huendeshwa kwa mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mfumo huu hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma ndani na kuurekebisha. Aina yake moja ijulikanayo sana barani Afrika ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Hata hivyo, kitu cha bure hakijilindi chenyewe.

Kazi ya kwanza ya msimamizi wa seva ni kuziba nyufa. Mnamo tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba programu ya OpenSSL, inayotumika kuficha mawasiliano, ilikuwa na kosa lililokaa humo tangu mwaka 2012. Kosa hilo lilipewa jina la Heartbleed. Kwa njia yake adui aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hata funguo za siri, bila kuacha alama katika madaftari ya kawaida. Kiraka kilitolewa siku ile ile. Aliyekiweka mara moja na kubadilisha funguo zake alipona, na aliyengoja aliacha mlango wazi huku dunia nzima ikiwa imekwisha kuambiwa mlango ulipo.

Katika Ubuntu kazi hiyo hufanywa kwa amri mbili: "sudo apt update", ambayo huleta orodha ya viraka vipya, na "sudo apt upgrade", ambayo huviweka. Viraka vya usalama vyaweza pia kupangwa vijiwekee vyenyewe kila siku. Yafaa kukumbuka kuwa kila toleo lina umri wake. Toleo la Aprili 2024 limetengewa miaka 5 ya viraka vya kawaida, na muda huo ukiisha yapasa kuhamia toleo jipya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii mfumo waweza kuharibika. Kwa sababu hiyo seva iwe na betri ya akiba, na nakala ya majalada itunzwe katika jengo lingine kabla ya kugusa chochote.

Kazi ya pili ni kulinda malango. Msimamizi huingia katika seva kwa mbali kupitia mlango uitwao SSH, ambao kwa kawaida ni wa namba 22. Asikubali maneno ya siri ya kubahatisha. Atumie ufunguo maalumu uliotunzwa katika kompyuta yake. Yule mwenye mamlaka yote, aitwaye root, asiruhusiwe kuingia moja kwa moja kutoka nje. Milango isiyo na kazi ifungwe. Kisha msimamizi asome kila asubuhi daftari liitwalo "auth.log", kama vile mkuu wa kituo cha polisi asomavyo daftari la matukio.

Hapa twataka kusema jambo linalosahauliwa mara nyingi. Ofisa ahamishwapo kutoka Koboko kwenda Moroto, hukabidhi bunduki na kutia sahihi, lakini ufunguo wake wa seva huachwa ukifanya kazi. Yafaa ufutwe siku hiyo hiyo, na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano.

Kazi ya tatu ni kuficha barua. Tuseme ofisa aliyeko Koboko anapeleka Arua orodha ya raia waliotoa habari za magendo ya bunduki. Barua pepe isiyofichwa ni kama kadi ya posta, na kila seva inayoipitisha yaweza kuisoma. Orodha hiyo ikivuja, watakaolipa ni raia wale waliotuamini, pengine kwa maisha yao. Kuficha njia kati ya seva na seva ni jambo jema, lakini barua ikifika huwekwa ikiwa wazi. Ndiyo maana barua yenyewe hufumbwa kwa mtindo wa PGP, uliobuniwa na Phil Zimmermann mwaka 1991, na ambao leo hupatikana bure katika programu ya GnuPG na ndani ya Thunderbird.

Kila mtu huwa na funguo mbili. Ule wa hadhara ni kama kufuli unalowagawia wote wakufungie barua. Ule wa siri ndio pekee uwezao kulifungua. Kabla ya kutumia kufuli la mwenzako, hakikisha namba zake za utambulisho ana kwa ana, kwani adui aweza kukuletea la kwake. Tena ijulikane kuwa kwa kawaida kichwa cha barua, majina ya waandikianao na saa ya kupelekwa havifichwi. Asiandike mtu "Doria ya Jumanne" juu ya barua iliyofumbwa vizuri.

Twamalizia na kisa cha mwaka 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuwa kuingia katika mashine yake kwa SSH kulichelewa kwa nusu nukta hivi. Wengine wangepuuza, yeye alifuatilia, na tarehe 29 Machi akatangaza kuwa ndani ya programu iitwayo xz mlikuwa mmefichwa mlango wa siri. Aliyeuweka alikuwa amefanya kazi ya kujitolea humo kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa. Mlango huo ulikuwa umefika hasa katika matoleo ya majaribio, ndiyo maana seva ya kazi yafaa itumie matoleo imara tu. Nusu nukta ni muda mfupi sana, lakini mlinzi yule alikuwa macho. Nasi katika malindo yetu ya Arua na Koboko tusidharau dalili ndogo: tuiandike daftarini, tumwarifu mkubwa wetu, na ufa tuuzibe siku ile ile unapoonekana.