Mteja Akiuliza, 'Na Wewe Mwenyewe Unayo?'

Ukiuza sola za mkopo huku Mboghoni, kuna swali linakungoja kwenye kila boma. Mimi lilinipata wiki ya pili kazini. Nilikuwa nimemaliza maneno yote tuliyofunzwa: taa tatu, redio, chaji ya simu, Sh50 tu kwa siku. Mama wa boma alikuwa anapanga mikungu ya ndizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wewe kijana, kwako unayo?"

Ninayo. Ila siku hiyo ilikuwa imezimwa siku ya tisa.

Kama hujawahi kuchukua, inaenda hivi: unaweka diposti kidogo, halafu unalipa kila siku kwa M-Pesa. Ukiruka siku, mashine inajifunga hadi utume tena. Mimi muuzaji nilikuwa nalala gizani.

Jibu tulikuwa tumepewa. Tabasamu, sema watoto wako wanasoma usiku bila moshi. Mimi hata mtoto sina! Nikamwambia mama ukweli: niliacha chuo kwa kukosa karo, nalipwa kamisheni, na mwezi huo haikuwa imeingia.

Hakunionea huruma. Alitaka kujua ilizimika kwa nini hasa. Nikasema pesa yangu haiji kila siku, na mashine inataka kila siku. Akacheka. "Kwani yangu inakuja kila siku?"

Pesa ya ndizi huku ni ya soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi. Tukakaa, tukapiga hesabu: Jumatano atume Sh150 za siku tatu, Jumamosi Sh200 za siku nne. Kisha akaitisha jumla, ile sehemu sisi wauzaji huruka. Sh50 mara siku 365 ni Sh18,250, na hapo hujagusa diposti. Alinyamaza, akachagua ile ndogo ya taa mbili. Kamisheni yangu ikanywea, lakini mpaka leo mashine yake haijawahi kujifunga.

Hapo ningejifunza kupiga hesabu na watu. Nilichojifunza mimi ni kwamba hadithi ya karo inauza.

Nikaanza kuingia nayo mlangoni. Wazazi wenye watoto chuoni walilainika haraka sana, na mwezi huo niliuza kuliko wenzangu wote. Mzee mmoja wa karibu na mto Lumi alichukua kubwa kabisa. "Nakusaidia, mjukuu wangu," aliniambia. Hakuuliza jumla, na mimi sikumtajia.

Mvua ilipokuja Lumi ikafurika, migomba yake ikalala, mashine ikajifunga.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mteja. Nimeifikiria sana. Kila nililomwambia mzee lilikuwa kweli, na bado nilimpotosha. Yule mama nilimpa ukweli aliouhitaji yeye. Mzee nilimpa ule nilioutaka mimi.

Nilirudi kwake na daftari, nikamwonyesha hesabu yote. Ofisi ilikataa kumbadilishia ndogo. Kwa hivyo siku hizi, Jumamosi soko likifungwa, namlipia siku mbili kutoka mfukoni. Taa zikiwaka ananipigia simu, anashukuru, kisha anauliza kama nimerudi chuo.