Goliath alikuwa sokwe wa kundi gani?

Hifadhi ya Gombe, Tanzania, iko kilomita zipatazo 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, na huko ndiko mtafiti Jane Goodall alikoanza kuchunguza sokwe Julai 1960. Watafiti wasaidizi Watanzania walikuwa wakimfuata sokwe mmoja kutwa nzima, wakiandika kwa mkono, kila baada ya dakika 15, yuko wapi na yuko na nani. Baadaye yaliyoandikwa kwenye karatasi hizo yaliingizwa kwenye kompyuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, sokwe wa kundi la Kasekela waligawanyika, baadhi wakajitenga kusini na kuwa kundi la Kahama. Goliath, aliyekuwa dume kiongozi kabla dume mwenzake, Mike, hajampokonya nafasi hiyo mwaka 1964, alikwenda na wa kusini. Mwaka 1975 aliuawa na madume wa Kasekela, wenzake wa zamani.

Chukulia unatunza kanzidata ya rekodi hizo, yenye jedwali la sokwe na safu moja tu ya “kundi”. Kwa Goliath, mwenye haraka atafuta Kasekela aandike Kahama. Papo hapo rekodi za 1963 zitaonyesha Goliath ni mgeni katika kundi aliloliongoza. Wala hakuna atakayeshtuka, maana programu inafanya kazi na ripoti zinatoka. Kosa hili naliogopa kuliko seva kuzimika. Seva ikizimika kila mtu anajua.

Njia salama ni ya polepole. Ongeza jedwali jipya lenye jina la sokwe, kundi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, bila kugusa safu ya zamani. Jaribu kwanza kwenye nakala. Hesabu rekodi kabla na baada, kisha chukua visa vigumu, Goliath akiwa wa kwanza, uvilinganishe na karatasi. Kwa muda, programu iandike kote kuwili, kwenye safu ya zamani na kwenye jedwali jipya. Safu ya zamani ifutwe mwisho kabisa, pale ambapo hakuna tena programu inayoisoma. Kila badiliko liwe na namba, tarehe na sababu yake. Na nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe kuwa ipo.

Ofisi zetu nyingi zinahamishia madaftari yao kwenye kompyuta. Nawaomba wakuu wake: msiyachome madaftari hayo siku mfumo mpya unapowashwa. Yatunzeni hata baada ya muundo wa mfumo huo kubadilishwa na hesabu kulingana.