Maji Yamepanda, Alama Haijasogea

Mvua kubwa ikinyesha Aberdare na Mlima Kenya, sisi wa Garsen huwa hatuna habari. Jua linawaka, vumbi la barabarani liko pale pale, na Waorma wanaswaga ng'ombe wao kutafuta majani. Siku kadhaa zikishapita, Mto Tana hubadilika rangi, kisha huanza kupanda. Ndiyo sababu kando ya mto husimikwa mti wa vipimo wenye alama na namba. Maji yakigusa alama fulani, Wapokomo wenye mashamba kingoni hujua ni wakati wa kuokoa mahindi na ndizi, na wafugaji hujua ni wakati wa kuhamisha mifugo penye mwinuko.

Wajukuu zangu, uwekeni akilini mti huo wa vipimo, maana leo nataka kuwaeleza jambo ambalo watu wazima wengi wenye mishahara hawajalielewa, na linawagusa kila mwisho wa mwezi.

Tazameni mtumbwi unaoelea karibu na mti huo. Maji yakipanda, mtumbwi hupanda nao. Aliyekaa ndani hajarefuka hata kidogo; kutoka kichwani mwake hadi majini ni kimo kile kile. Lakini ukimpima kwa mti, ameipita alama. Na kama pana amri kwamba kila apitaye alama atozwe, atatozwa, ingawa kilichopanda ni maji. Basi maji ni bei za vitu, na bei zinapopanda mwaka baada ya mwaka tunasema pana mfumuko wa bei. Mtumbwi ni mshahara. Alama ni ngazi za kodi, yaani viwango vilivyoandikwa kwenye sheria: hadi hapa unakatwa kiasi hiki, ukivuka hapa unakatwa zaidi.

Nitawatungia kijana mmoja, karani wa duka la jumla pale Garsen, anayeishi na nyanya yake. Hawana majina kwa kuwa ni wa kutunga, lakini hesabu zao ni za sheria ya Kenya ilivyo.

Mwezi wa Aprili 2020, korona ilipoingia, serikali ililegeza kodi ya mshahara, ile inayoandikwa PAYE kwenye hati ya mshahara. Ngazi ya kwanza iliwekwa kwenye shilingi 24,000 kwa mwezi, nayo hutozwa asilimia 10. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400. Lakini kila mfanyakazi mkazi wa Kenya hupewa nafuu ya kodi, na nafuu hiyo nayo ni 2,400. Toa moja kwa nyingine, hakuna kinachobaki. Anayelipwa 24,000 au chini yake hakatwi hata senti ya PAYE.

Karani wetu wakati huo alilipwa 24,000 kamili. Tuseme mahitaji ya nyumba yao, yaani unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, nauli na kodi ya chumba, yaligharimu 24,000 hizo hizo. Makato mengine, ya bima ya afya, ya nyumba za bei nafuu na ya akiba ya uzeeni, tuyaweke kando ili hesabu isitutoke mikononi.

Miaka ikapita. Tuseme bei zikapanda kwa robo nzima. Mahitaji yale yale, bila kuongeza hata kijiko cha sukari, sasa ni 30,000. Tajiri wa karani ni mtu muungwana. Akampandishia mshahara kwa robo nzima vile vile, ukawa 30,000. Je, kijana yuko pale pale?

Hayuko. Tangu Januari 2021, baada ya ule ulegezaji wa korona kuondolewa kwa sehemu, shilingi 8,333 zinazofuata baada ya 24,000 hutozwa asilimia 25, na zinazopita 32,333 hutozwa asilimia 30 au zaidi. Kijana ana shilingi 6,000 juu ya alama. Robo ya 6,000 ni 1,500. Nafuu ya 2,400 imeshaliwa yote na ngazi ya kwanza, kwa hiyo hizo 1,500 hakuna wa kumfutia. Anapeleka nyumbani 28,500 kununua mahitaji ya 30,000.

"Mjukuu wangu," nyanya yake anamwuliza, "si uliniambia wamekuongeza mshahara?"

"Wameniongeza, nyanya."

"Mbona mafuta umeleta nusu chupa?"

Kijana anadhani ni uzembe wake, au ni bei za Garsen tu. Tajiri anadhani amemtendea wema wote. Na hakuna mbunge aliyesimama bungeni miaka hiyo akasema makarani wa Garsen waongezewe kodi. Imeongezeka yenyewe, kwa sababu alama haikusogea.

Ingekuwa vipi kama alama ingefuata maji? Ngazi ya kwanza ingekuwa 30,000, na kodi yake 3,000. Lakini angalieni hapa, kuna mtego ambao hata wasomi huukanyaga. Ukisogeza ngazi ukaiacha nafuu kwenye 2,400, kijana bado atakatwa 600. Lazima nafuu nayo ifike 3,000. Ngazi na nafuu huenda pamoja, au kazi imefanywa nusu.

Mtaniuliza kama hiyo robo niliyoisema si ya kutia chumvi. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huenda madukani na sokoni kila mwezi likaandika bei. Gharama za Februari 2019 lilizipa namba 100. Mwisho wa mwaka 2024 namba hiyo ilikuwa imepita 140. Mwezi wa Oktoba 2022 peke yake bei zilikuwa juu kwa asilimia 9.6 kuliko mwaka mmoja kabla. Na huo ni wastani wa nchi nzima. Kaunti ya Tana River ilikuwa ndani ya ukame wa misimu mitano mfululizo ambayo mvua iliharibika, mifugo ikafa. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko. Lori lisipopita, unga uliomo dukani ndio huo, na bei yake mnaweza kukisia.

Alama kukaa pale pale si jambo la jana. Kuanzia 2005 hadi mwisho wa 2016, miaka 12, ngazi ya kwanza ilikuwa shilingi 10,164 kwa mwezi, na ukichanganya na nafuu ya siku zile, mtu alianza kukatwa akipita kama 11,135. Wazazi wenu wengine walianza kazi na kuoa na kuzaa, alama haijasogea. Kisha ikapanuliwa kwa asilimia 10 mwaka 2017, na asilimia 10 tena 2018. Ndipo korona ikaja na zile 24,000. Mwaka 2025 ulipokwisha, zilikuwa bado 24,000. Kila mara imesogezwa kwa mkono wa serikali, ilipotaka, si kwa kanuni.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niwaite. Kanuni ya kufuata bei Kenya tuliwahi kuwa nayo. Ilikuwemo kwenye Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015. Iliiruhusu Mamlaka ya Mapato kupandisha kila mwaka, kwa kiasi cha mfumuko wa bei, ushuru unaotozwa kwa shilingi, si kwa asilimia, juu ya vitu kama maji ya chupa, sharubati, bia, sigara na pikipiki. Hizo pikipiki mnazoziona zimejipanga stendi ya Garsen zikingoja abiria! Sheria ilipoanza, pikipiki moja iliyoletwa kutoka nje ilitozwa 10,000. Mwaka 2021 mamlaka ilipandisha ushuru kwa asilimia 4.97, pikipiki ikafika 12,185.16. Mwaka 2022 ikapandisha kwa asilimia 6.3, ikafika 12,952.83. Oneni walivyohesabu hadi senti tatu za mwisho.

Kwa miaka hiyo hiyo alama ya 24,000 haikuguswa. Serikali ilijua mfumuko wa bei ni asilimia ngapi, iliupima kwa makini na iliutumia, lakini upande wa kukusanya tu. Mwananchi alipotakiwa kupata nafuu kwa hesabu hiyo hiyo, karatasi haikuletwa mezani. Kanuni ile ya ushuru ilifutwa kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Mimi naona haki haikuwa kuifuta tu. Haki ingekuwa kuipeleka pia kwenye mshahara.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani husogeza ngazi zake za kodi kila mwaka kufuata bei tangu 1985, na malipo ya wazee wao hufuata bei yenyewe tangu 1975, bila kungoja hisani ya mtu. Uingereza ilifanya kinyume: mwaka 2021 iligandisha kiwango kisichotozwa kodi kwenye pauni 12,570, na Waingereza wengi wakajikuta walipa kodi kwa kupandishwa na maji. Jirani zetu Uganda waliweka alama yao kwenye shilingi zao 235,000 mwaka 2012, na zaidi ya miaka 10 baadaye ilikuwa pale pale. Tanzania waliipandisha yao kutoka 170,000 hadi 270,000 mwaka 2020. Kwa mkono, kama sisi.

Turudi kwa nyanya. Yeye hana mshahara, PAYE haimhusu. Lakini amepita miaka 70, kwa hiyo hupata pesa za wazee za mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwake yeye hadithi imepinduka: hakuna mtumbwi. Amesimama mtoni kwa miguu yake na maji yanampanda. Shilingi 2,000 zimekaa 2,000 kwa zaidi ya miaka 10. Tukichukua namba za KNBS tu, kitu kilichokuwa cha 100 kikiwa 140, basi 2,000 zake za mwisho wa 2024 zilinunua kile ambacho mwaka 2019 kilinunuliwa kwa 1,430 hivi. Hakuna aliyemnyang'anya. Hakuna barua iliyokuja. Karibu 570 zimeyeyuka, na anayebeba pengo hilo ni mjukuu wake, karani aliyekwisha kupungukiwa 1,500.

Wala msiambiwe kwamba haiwezekani kupandisha. Upo mpango mwingine, wa kukinga watu na njaa katika kaunti kame, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Familia zililipwa kila miezi miwili, na kiasi kilisogezwa kadiri maisha yalivyopanda: 4,600 mwaka 2013, kisha 4,900, kisha 5,100, kisha 5,400 mwaka 2016. Miaka mitatu mfululizo, kila mwaka hatua moja. Baadaye mpango ukapanuliwa hadi Garissa, Isiolo, Samburu na hapa kwetu Tana River. Ulipotufikia, kiasi kilikuwa bado 5,400. Kupanda kulikuwa kumekoma kabla hatujaingia.

Sitawaficha upande wa serikali. Alama ikisogea, hazina hupata kidogo, na Kenya ina madeni ya kulipa, walimu wa kuajiri, na barabara za kutengeneza kila Tana ikizikata. Pesa za wazee zikipanda, lazima zitoke mahali. Hayo ni kweli. Lakini kama serikali inahitaji kodi zaidi, na iseme bungeni, ijadiliwe, ipigiwe kura. Kodi inayopanda kwa kunyamaza haina wa kuhojiwa.

Na kunyamaza huko ndiko kunakonitia hofu zaidi kwa ajili yenu. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakawaeleza wenzao kwa Kiswahili cha mtaani, wakaandamana. Wengine walipoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Walisoma kila kilichoandikwa. Lakini alama isiyosogea haiandikwi kwenye mswada wowote. Huwezi kuiona kwa kusoma kilichomo; unaiona kwa kuuliza kilichokosekana.

Basi, nina ombi moja kwenu. Mwombeni mzazi, mjomba au shangazi mwenye ajira awaonyeshe hati yake ya mshahara ya mwaka huu na ya miaka mitano nyuma. Pigeni hesabu kama tulivyopiga hapa. Kisha serikali inapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nendeni, na mwulizeni mbunge wa Garsen, au wa Galole, au wa Bura, maswali mawili: ngazi za kodi na nafuu yake zitafuata bei lini kwa sheria, na pesa za nyanya zitafuata bei lini? Mwambieni ajibu kwa mwaka na kwa namba.