Ishara za Mkono Mmoja katika Saa-Janja

Saa ya mkononi ina kasoro moja ambayo wengi hawaitambui: huvaliwa mkono mmoja, nayo huendeshwa kwa mkono wa pili. Mwenye mikono miwili haoni taabu, isipokuwa pale abebapo mtoto au mzigo. Lakini mwenye mkono mmoja, akiivaa ile iitwayo siku hizi saa-janja, hana kidole cha kuigusia.

Mwaka 2021 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa njia ya kuiendesha saa yake bila ya kugusa kioo, nayo ilikusudiwa hasa watu wa namna hiyo. Ishara zake zilikuwa nne: kugusanisha kidole gumba na kidole cha shahada mara moja, au mara mbili, na kufumba mkono mara moja, au mara mbili. Vidole vikenda, kano za kifundo cha mkono hutikisika na mwendo wa damu hubadilika. Saa huupima mtikisiko huo, na huipima damu kwa mwanga unaomulika ngozi. Kisha programu iliyofunzwa hutambua ni ishara ipi iliyotendwa.

Mwaka 2023 kampuni hiyo ilichagua moja, kugusanisha vidole mara mbili, iwe ya watu wote, kwa mfano katika kupokea simu au kusimamisha muziki. Uchaguzi huo una busara. Ishara njema yapasa iwe nyepesi kutendwa, lakini isiwe nyepesi kutendwa bila ya kukusudia. Vidole hukutana mara moja tulapo, tushikapo kalamu na tufungapo vifungo. Kukutana mara mbili kwa haraka ni nadra.

Limebaki jambo la majina, nalo latuhusu sisi wapenzi wa lugha. Neno litumiwalo na Waingereza kwa ishara ya kwanza, likifasiriwa kwa pupa, huwa "finya". Lakini kufinya ni kubana nyama hata iume. Aagizwaye hivyo huenda akatafuta ngozi ya kufinya. "Gusanisha vidole" laeleza tendo lenyewe. Vivyo hivyo "kunja ngumi" lanukia ugomvi, na huenda likamfanya mtu akakaza mkono kupita kiasi. "Fumba mkono" latosha. Mwenye mkono mmoja akiagizwa kwa neno lisilofaa hushindwa kuitumia saa, akadhani kosa ni lake, kumbe ni letu.