Ligandi-Daraja za Kaboni katika Kampaundi za Chuma-Pacha: Maelezo kwa Watafiti na Washauri wa Sera

Ntinda, jijini Kampala, ndipo yalipo makao ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1990 na ambacho husajili tafiti zinazofanywa nchini. Mshauri anayepokea ombi la utafiti kuhusu kampaundi za chuma-pacha zenye ligandi-daraja ana haki ya kuuliza mambo mawili: ni kitu gani hicho, na kina faida gani. Makala haya yanashughulikia zaidi swali la kwanza, kwa kuwa la pili halijibiki bila hilo.

Mfano wa karibu umo jikoni. Jiko la makaa likiachwa katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huua kwa sababu kaboni yake hushikamana na chuma kilichomo katika himoglobini ya damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Hapo molekuli moja ya gesi imeshika atomu moja ya chuma. Hiyo ni ligandi ya ncha. Zikiwapo atomu mbili za chuma zilizo jirani, kaboni ileile yaweza kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo ligandi-daraja. Istilahi hii inafaa, ingawa ina kasoro: daraja la barabara huunganisha kingo mbili bila kuzibadili, ilhali ligandi-daraja hubadili mgawanyo wa elektroni katika metali zote mbili, nayo yenyewe hubadilika.

Kielelezo kikongwe ni nonakaboni ya chuma-pacha, iliyoelezwa na James Dewar na Humphrey Jones mwaka 1905. Hupatikana kwa kuangazia mwanga pentakaboni ya chuma iliyoyeyushwa katika asidi ya asetiki, ikajitenga kama vigae vyembamba vya rangi ya dhahabu. Kati ya monoksidi zake tisa, sita ni za ncha na tatu ni madaraja. Atomu mbili za chuma zimetengana kwa pikomita 252 hivi. Kanuni ya elektroni 18 inayofundishwa darasani hudai kwamba pana kifungo cha moja kwa moja kati yake, kwani kila atomu hufikisha 17 tu bila kifungo hicho. Hesabu za kinadharia za baadaye, hata hivyo, zimeonyesha kwamba kifungo hicho ni hafifu mno na kwamba madaraja ya kaboni ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ni vema wanafunzi wakaambiwa hivyo mapema.

Daraja hutambulika kwa spektrometa ya infraredi. Monoksidi ya kaboni iliyo huru hutetema kwenye namba-wimbi 2143 kwa sentimita. Katika nonakaboni, zile za ncha huonekana juu kidogo ya 2000, na madaraja karibu na 1830. Sababu ni kwamba metali mbili huisukumia kaboni elektroni nyingi zaidi, na elektroni hizo hulegeza kifungo chake na oksijeni.

Kulegea huko ndiko kunakoifanya kemia hii iwe na rutuba. Katika kampaundi ambamo kila chuma kimevikwa pete ya siklopentadienili, monoksidi moja yaweza kubadilishwa kwa isosianidi. Kisha naitrojeni yake ikiongezewa kikundi cha methili, hupatikana daraja la aminokabini lenye chaji chanya. Watafiti wa Bologna na Pisa, nchini Italia, wamelijenga daraja hilo hatua kwa hatua, wakaliunganisha na alkini, na baadhi ya kampaundi zilizotokea zimejaribiwa maabarani dhidi ya seli za saratani. Majaribio ya seli si dawa, na ombi lolote linaloahidi tiba kwa msingi huo pekee lisomwe kwa tahadhari.

Maumbile nayo yalitangulia. Kimeng'enya cha haidrojenasi cha baadhi ya bakteria, ambacho muundo wake ulichapishwa mwaka 1998 na 1999, kina atomu mbili za chuma zilizounganishwa na daraja la monoksidi ya kaboni pamoja na daraja la salfa, na huzalisha haidrojeni bila platini. Kwa nchi isiyo na bajeti ya platini, hoja hii ina uzito kuliko ile ya saratani.

Gharama za kuanzia si za kutisha: chuma ni rahisi, na kampaundi ya siklopentadienili huvumilia hewa ikiwa yabisi. Pentakaboni ya chuma, kinyume chake, ni kimiminika chenye sumu kinachovukiza kwa urahisi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza juu ya machapisho yanayotarajiwa, mshauri wa Ntinda aulize kama maabara ina kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi, naitrojeni ya kutosha, na king'ora cha monoksidi ya kaboni.